Shokapu ya mbele inavuja? Anza na vumbi

Wenye pikipiki wa Dodoma, hasa mnaokula vumbi la Chamwino na Bahi: shokapu ya mbele ikianza kutoa mafuta, msikimbilie kuifungua. Mara nyingi ni mchanga tu umenasa kwenye mdomo wa sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Shusha kizuia vumbi, kata kipande chembamba cha chupa ya maji chenye kijino kama ndoana, kichomeke kati ya bomba la chuma la shokapu na sili, kizungushe, vuta uchafu. Futa, bonyeza shokapu mara kadhaa, uangalie.

Ikiendelea, badilisha sili zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Lakini kwanza pitisha ukucha kwenye bomba: ukikwama kwenye kutu, sili mpya italiwa tena. Na pedi za breki zikilowa mafuta, usiendeshe, hata kwenda kwa fundi.