Kukagua Zege Bichi Kabla ya Kulimimina

Anayejenga Kisumu huhesabu mifuko ya saruji na kukagua nondo kwa makini, kisha siku ya kumimina slabu hujitenga na kumwachia fundi kila kitu. Hiyo ndiyo siku ya kuwa macho, kwa sababu zege likiwa bichi bado hurekebishika, ilhali likishakaza kasoro zake ni za kubomolewa.

Zege jema ni laini kiasi cha kupenya kati ya nondo na kujaza pembe za mbao, lakini pia limeshikana kiasi kwamba kokoto hazijitengi na uji wa saruji. Sifa hizi mbili huvutana, na mwamuzi ni maji. Kwa mfuko wa kilo 50, anza na lita 25, ukijumlisha maji yaliyomo tayari mchangani. Mchanga ulionyeshewa usiku huhitaji maji machache; tena huwa umevimba, hivyo karai iliyojaa hubeba mchanga pungufu.

Kwa kupima ulaini wa zege, tafuta koni ya chuma iliyo wazi juu na chini, yenye kimo cha milimita 300, upana wa 200 chini na 100 juu. Isimamishe juu ya bamba lisilonyonya maji, ijaze kwa tabaka tatu huku ukishindilia kila tabaka mara 25 kwa fimbo ya chuma, sawazisha juu, kisha uiinue wima bila kuizungusha. Kwa slabu na mihimili ya kawaida, zege likishuka milimita 50 hadi 100 kutoka kimo cha koni linafaa. Likimeguka upande mmoja, chukua sampuli nyingine. Likimeguka tena, halishikamani. Likitawanyika, maji yamezidi. Lisiposhuka kabisa ni kavu mno, na litaacha mianya kuzunguka nondo. Mianya ya asilimia 5 pekee inaweza kupunguza nguvu kwa takriban asilimia 30.

Zege lililopimwa vizuri bado linaweza kuharibiwa njiani. Toroli likirukaruka kwenye mawe, kokoto huzama. Zege likimwagwa kutoka zaidi ya mita moja na nusu, viungo hutengana.

Baada ya kumimina, maji kidogo hupanda juu, na hilo ni la kawaida. Kosa ni kunyunyiza saruji kavu ili kuyakausha, mazoea ambayo mafundi wengi huyatetea, au kupiga mwiko yangali yametanda: uso huo baadaye hutoa vumbi na kubambuka. Subiri yaishe. Kwa upande mwingine, jua la alasiri na upepo wa ziwani vikikausha uso haraka kuliko maji yanavyopanda, nyufa hutokea kabla zege halijakaza. Ndiyo maana ni heri kumimina asubuhi na kufunika kwa nailoni. Nakuru hakuna joto kama hilo, ila upepo mkavu wa Januari huleta nyufa zilezile.

Changanya kiasi kinachoweza kumiminwa ndani ya nusu saa. Lililoanza kukaza lisiongezwe maji ili lilainike. Litupwe, hata kama mwenye nyumba ananung'unika.