Namna ya Kuufaidi Usiku wa Nashville na Muziki Wake wa Kantri

Anayefika Nashville, makao makuu ya jimbo la Tennessee nchini Marekani, kwa nia ya kusikia muziki wa kantri ukipigwa jukwaani hana haja ya kuutafuta, kwa kuwa utamlaki mtaani kabla hajavuka barabara. Kinachohitaji uangalifu ni kuchagua. Kumbi za mji huu hazifanani: ziko za kucheza na kupiga kelele, ziko za kuketi na kusikiliza, na ziko ambazo hata mnong'ono ni utovu wa adabu. Mgeni anayeingia katika mojawapo akiwa na tabia za nyingine hujinyima raha na kuwaudhi waliomzunguka, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalowafanya watu wengi waondoke Nashville wakidhani wamesikia kantri, kumbe wamesikia kelele za Jumamosi tu.

Wengi huanzia Lower Broadway, yaani kile kipande cha barabara ya Broadway kinachoteremka hadi Mto Cumberland. Hapo baa za muziki, ambazo wenyeji huziita honkitonki, zimepangana ukuta kwa ukuta, na mara nyingi bendi hupiga karibu kabisa na dirisha la barabarani, hivi kwamba unaweza kusimama nje na kupima kama sauti inakufaa kabla ya kuingia. Muziki huanza tangu asubuhi, kama saa nne au saa tano, na bendi hupokezana kwa zamu za saa nne hivi mpaka karibu saa tisa usiku, wakati ambapo sheria husimamisha uuzaji wa pombe. Kwa kawaida hakuna kiingilio. Ushauri wangu ni kwamba uitembelee Broadway kwanza mchana au jioni ya siku ya kazi, kwa sababu usiku wa Ijumaa na Jumamosi umati huwa mkubwa, vikundi vya mabibi harusi watarajiwa na marafiki zao wa kike hujaa kila kona, na bendi hulazimika kupiga zile nyimbo za roki na za pop ambazo kila mlevi anazijua.

Baa kubwa za ghorofa zenye majina ya wanamuziki mashuhuri zinapendeza kwa kuangalia mji kutoka juu, na nyingi huwa na bendi tofauti kwenye kila sakafu. Lakini anayetaka kantri ya zamani, yenye fidla na lile gitaa la pedali linalopigwa likiwa limelazwa, aende Robert's Western World. Nyumba hiyo iliwahi kuwa duka la mabuti, na mabuti yangali yamepangwa kwenye rafu ukutani. Jirani nayo iko Tootsie's Orchid Lounge, yenye rangi ya zambarau, iliyofunguliwa mwaka 1960 na Hattie Louise Bess, ambaye watu walimwita Tootsie. Mlango wake wa nyuma unatokea kwenye kichochoro kinachopakana na ukumbi wa Ryman, na ndiyo maana waimbaji waliokuwa wakisubiri zamu zao Ryman walikuwa wakivuka kichochoro kuja kunywa hapo.

Kwa kuwa hakuna kiingilio, wanamuziki wa Broadway hutegemea kwa sehemu kubwa kutunzwa na wasikilizaji. Ndoo au mtungi huwekwa mbele ya jukwaa, na kila baada ya muda mmoja wa wanabendi huuzungusha kati ya meza. Beba noti ndogondogo za dola, utunze hata kama hukuomba wimbo, na ukitaka wimbo maalumu utoe zaidi, kama dola 20, hasa usiku wenye watu wengi. Kukaa saa mbili mbele ya bendi bila kutoa chochote ni jambo la aibu, na halifichiki katika chumba chembamba kama vile vilivyo hapo.

Ukipata nafasi karibu na jukwaa, tazama mikono. Mara nyingi wanaopiga pamoja hawajawahi kufanya mazoezi pamoja, na pengine mpiga gitaa ameitwa kwa simu mchana huohuo. Kiongozi anapotaja wimbo ambao mwenzake haujui, utamwona akiinua vidole kando ya paja au nyuma ya mgongo: kimoja, vinne, vitano. Hizo ni namba za kodi (chords) za wimbo, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinazohesabiwa kwa nafasi yake katika ngazi ya muziki badala ya jina la noti ya muziki, ili wimbo uweze kuhamishiwa ufunguo wowote, yaani kimo chochote cha sauti, unaomfaa mwimbaji bila mtu kuandika upya. Mfumo huo wa namba ulianza kutumiwa katika studio za Nashville mwishoni mwa miaka ya 1950, na Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires ndiye anayetajwa kuwa aliubuni. Mimi huona kuvitazama vidole hivyo kuwa moja ya starehe kubwa za Broadway, nayo haigharimu senti.

Mlangoni utaombwa kitambulisho, na kwa mgeni kutoka nje ya Marekani kilicho salama zaidi ni paspoti yenyewe, maana picha iliyo kwenye simu inaweza kukataliwa. Umri wa kunywa pombe ni miaka 21, na baa nyingi huwaruhusu walio chini ya hapo mchana tu. Kinywaji ulichonunua kimalizie ndani.

Baada ya Broadway, nenda kwenye kumbi za kuketi na kusikiliza. Ukumbi wa Ryman uliojengwa kwa juhudi za Thomas Ryman, nahodha wa meli za mtoni aliyeokoka, ulifunguliwa mwaka 1892 kama nyumba ya ibada, na mpaka leo watu huketi kwenye mabenchi ya mbao kama ya kanisani. Chukua tiketi mapema, na kama waweza kuchagua, epuka viti vilivyo nyuma ya nguzo. Humo ndimo kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichoanza tarehe 28 Novemba 1925 kupitia kituo cha WSM, kilipokaa tangu 1943 hadi 1974, kisha kikahamia jumba lake kubwa nje ya katikati ya mji. Walipohama walikata duara la mbao kutoka jukwaa la Ryman na kulipachika katikati ya jukwaa jipya, na hata mafuriko ya Mei 2010 yalipolizamisha jukwaa hilo, duara lilikaushwa na kurudishwa mahali pake.

Opry inamfaa sana mtu mwenye usiku mmoja tu, kwa kuwa waimbaji hupanda mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa nyimbo mbili au tatu, wazee na chipukizi pamoja, na yote yakirushwa hewani papo hapo. Msikilizaji wa Afrika aliyelelewa na sauti za Jim Reeves na Charley Pride redioni atajiona yuko kwa watu anaowafahamu. Na ajue pia kwamba miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi hicho alikuwamo Mwafrika Mmarekani, DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, aliyeondolewa mwaka 1941 na kuingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri mwaka 2005, akiwa amekwisha kufa zamani.

Bluebird Cafe, iliyofunguliwa mwaka 1982 katika eneo la Green Hills, ina viti 90 hivi na iko katika safu ya maduka ambayo ungeipita bila kuitazama. Humo watunzi huketi katikati ya chumba wakitazamana na kuimba kwa zamu nyimbo ambazo wengine wamezifanya maarufu, wakieleza zilivyozaliwa. Mtindo huo ulianza hapo mwaka 1985, mtunzi Don Schlitz akiwa mmoja wa wanne walioketi hivyo mara ya kwanza. Tiketi huisha haraka mno, basi zitafute kabla hujapanga siku za safari, na ukiingia, zima simu na unyamaze, kwa sababu mtu anayeongea hunyamazishwa bila kuonewa haya.

Usiku wa Jumapili uache kwa ajili ya Station Inn, katika mtaa wa Gulch, nyumba ya muziki wa blugrasi, ndugu wa kantri unaopigwa kwa ala za nyuzi, iliyoanza mwaka 1974. Jumapili wapigaji huleta banjo, fidla na mandolini zao, huketi kwa duara na kupiga pamoja, bila jukwaa kuwatenga na wasikilizaji. Mwenye ala anayezijua nyimbo aweza kujiunga, lakini asikilize raundi kadhaa kwanza, apige kwa sauti ya chini, na asianze kupiga peke yake mpaka aliyeuanzisha wimbo amtikisie kichwa.