Somo: Jedwali la mapambano si mizani ya duka

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Wachezaji wangu wanne wako leveli ya 3, niwape maadui gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Hii ni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, ambapo mwendeshaji hupanga maadui; toleo la 2014.

1. Hesabu wachezaji, andika leveli zao.

2. Soma jedwali la mapambano kitabuni. Leveli ya 3, kwa kila mchezaji, pambano rahisi ni pointi 75, wastani 150, gumu 225, la kuua 400. Zidisha kwa idadi ya watu.

3. Jumlisha pointi za maadui, kisha zidisha kulingana na wingi wao: wawili mara 1.5, watatu hadi sita mara 2. Linganisha na jumla ya hatua ya 2. Wengi wana zamu nyingi, na zamu ndizo zinazoua.

4. Sasa achana na hesabu, soma uwezo wa kila adui. Hapa ndipo nilichoma. Niliweka maadui waitwao vivuli, vinne, pointi 100 kila kimoja. Jumla 400, mara 2 ni 800: juu kidogo ya wastani, gumu haijafika. Nikalala vizuri. Sikusoma kwamba kivuli kikikupata kinakutoa nguvu kwa dadu ya pande nne, na nguvu zikiisha umekufa papo hapo, hakuna kurusha dadu ya kujiokoa. Mchawi wetu alikuwa na nguvu 8. Pigo la kwanza 4, la pili 4. Karatasi bado inaonyesha ana uhai, lakini ni maiti. Mchezaji wake alikuwa ametoka Kitengela, matatu mbili, na hiyo ni raundi ya pili! Alikaa akitafuna njugu mpaka saa kumi na moja. Vivuli huumia maradufu kwa nuru takatifu, ila anayecheza kasisi, mwenye nuru hiyo, siku hiyo alikuwa kwa harusi ya binamu yake. Akiwepo, 800 zilezile zingekuwa mchezo wa watoto. Kwa hivyo angalia nani amekuja, si idadi tu.

5. Jiulize watalala lini. Kitabu kinadhani kundi litapita mapambano sita hadi manane, ya wastani au magumu, kabla ya mapumziko marefu, yaani kulala ili uhai na uchawi virudi. Sisi tunaanza saa nane, na saa kumi na mbili mchezaji wa Rongai ameshavaa begi. Tunapata mawili. Mchawi anamwaga uchawi wote kwa adui wa kwanza. Ama ongeza ugumu, ama kikao kiishe bila wao kulala, warudi Jumamosi ijayo na majeraha yao.

6. Ukitaka kurekebisha uhai wa adui, fuata kitabu. Zimwi lina uhai 59, lakini kitabu chenyewe kimeandika dadu zake: saba za pande kumi, ongeza 21. Yaani 28 hadi 91. Chagua ndani ya hapo, KABLA ya mchezo. Usiongeze katikati eti kwa sababu wamepata mbinu nzuri. Wataona.

Maswali

Mgeni_Umoja: Niko na wanne, leveli ya 3. Niweke nini?

Mwenye somo: Hatua ya 2.

Mgeni_Umoja: Nataka jibu la haraka tu.

Mwenye somo: Pointi 600, pambano la wastani. Ukiweka vivuli usinipigie.

KeteMbili: Kama unabadilisha kila kitu, jedwali ni la nini?

Mwenye somo: Fundi akikupima kiuno halafu akuachie inchi mbili za kulegeza, utepe wake ni wa uongo?

BintiDadu: Naendesha mara ya kwanza, wachezaji ni wawili tu, dadangu na binamu. Tutaweza?

Mwenye somo: Mtaweza, na umeuliza vizuri. Kundi likiwa chini ya watatu, panda ngazi moja ya kuzidisha kwa wingi: hata adui mmoja unamhesabu mara 1.5. Wakiwa sita na zaidi, shuka moja. Shida ya wawili ni kwamba mmoja akianguka, nusu ya kundi imeenda. Wape mlinzi wa kukodi, wamwendeshe wenyewe. Na goblini, wale maadui wadogo, wakiwa watano wakabaki wawili, waache watoroke. Nani hufia kazi ya kibarua?

BintiDadu: Asante sana! Na toleo la 2024?

Mwenye somo: Kule kuzidisha kwa wingi kumeondolewa. Hatua ya 4 iko palepale.

KeteMbili: Sawa, inchi mbili nimekubali. Vizibo vya soda vinafaa kuwa goblini?

Mwenye somo: Ndivyo natumia. Viandike namba kwa makapeni. Ukisahau namba tatu amebakisha uhai ngapi, wachezaji watakukumbusha, na watakupunja.