Kupamba Nyumba ya Mtindo wa Mashambani ya Uingereza kwa Sanaa ya Farasi

Anza na picha moja kubwa, kisha uipe ukuta wake peke yake. George Stubbs, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1724, alimchora farasi aitwaye Whistlejacket mnamo mwaka 1762 bila mandhari yoyote nyuma yake, na turubai hiyo, yenye urefu wa karibu mita 3, sasa imo katika National Gallery jijini London. Utupu huo ndio unaomfanya farasi aonekane hai, kwa hiyo nakala ya picha kama hiyo isibanwe na vikorokoro pembeni.

Itundike ili kitovu chake kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ikiwa juu ya kochi, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20, na upana wake ukaribie theluthi mbili za kochi. Fremu ya mbao ya mwaloni au ya rangi ya dhahabu iliyofifia hupatana vizuri na kuta za rangi ya maziwa au kijani kibichi kilichopoa. Nakala za karatasi zisielekee jua, kwani mwanga hupausha rangi, wala zisikae juu ya meko yanayowaka, ambako joto na masizi huziharibu.

Mapambo ya shaba ya hatamu za farasi wa kulimia, yakipangwa kwenye ukanda wa ngozi karibu na mlango, yanatosha kabisa. Mimi nisingeongeza mito yenye picha za farasi.