Kalenda ya chuo na ya kanisa ziwe ukurasa mmoja

Wenzangu mnaofundisha vyuoni au mnaosomea uzamivu huku mna watoto: muhula ukikaribia, keti na mwenzi wako mwandike kalenda ya chuo na ya kanisa kwenye karatasi moja. Kwa makanisa yetu mengi, Pasaka huhamahama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka huu Juma Kuu litaangukia wiki tulivu, mwaka mwingine likutane na rundo la mitihani ya kusahihisha. Ukiliona mapema unaweza kubadilishana zamu ya usimamizi na mwenzako, au kumwomba mhariri wa jarida akuongezee muda. Ombi linalotangulia tarehe ya mwisho hupokelewa vizuri kuliko udhuru unaoifuata.

Sala ya jioni iwe mara tu watoto wanapomaliza kula, hata Zaburi moja. Ya 117 ina mistari miwili tu, mtoto mdogo anaimudu. Kompyuta ifungwe kabla ya sala.

Na mwenzi wako awe na ruhusa ya kufuta kikao kimoja kwenye karatasi hiyo bila kuulizwa sababu. Hili nalisisitiza kuliko yote.