Stockfish inakrashi au laptop inaganda? Anzia hapa

Wakuu habari. Haipiti wiki bila mtu wa chesi kuja inboksi kuniambia Stockfish yake, ile injini ya kuchambua hatua za chesi, ni mbovu, mara imejifunga yenyewe katikati ya uchambuzi, mara laptop imeganda hadi mshale wa mausi hautembei, na ukimuuliza alifanya nini kabla ya hapo anakwambia aliiongezea nguvu. Basi shida nyingi zinaanzia hapo hapo, tunaidai mashine kitu ambacho haina.

Kabla hujagusa setingi yoyote, tenganisha injini na programu ya ubao. Wengi hawajui kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Arena, Cute Chess au Scid kazi yake ni kuchora ubao na kete, Stockfish yenyewe haina sura, inakaa nyuma na kuongea kwa maandishi tu. Kwa hiyo ifungue peke yake, bonyeza faili lake mara mbili, linakuja dirisha jeusi. Andika uci, gonga enta, itamwaga orodha ya setingi zake hadi neno uciok. Andika isready, inatakiwa ijibu readyok. Halafu andika bench, subiri, mwisho kabisa itakupa Nodes/second, namba hiyo iandike pembeni maana utaihitaji. Ukifika hapo salama jua injini ni nzima, tatizo liko kwenye programu ya ubao au setingi ulizoweka humo.

Ikifa papo hapo hata bench haijaisha, tena kwenye Linux ikaandika Illegal instruction, au kwenye Windows ukachungulia Event Viewer, daftari lake la makosa, ukakuta kodi 0xc000001d, ujue umepakua toleo lisiloendana na prosesa yako. Hili ndilo linalowakamata wenye laptop za mtumba. Toleo lenye neno avx2 linataka prosesa yenye uwezo huo, kwa Intel Core ni kuanzia kizazi cha nne, mwaka 2013, na Pentium na Celeron nyingi zilizotoka hata baada ya hapo hazina. Ukiwa na i5 ya kizazi cha pili au cha tatu chukua toleo la sse41-popcnt, itakuwa na kasi ndogo kiasi lakini haitakufa mkononi. Wenye AMD Ryzen za mwanzo, yaani Zen na Zen 2, msikimbilie toleo la bmi2, inawaka vizuri tu ila maelekezo yake mojawapo ni mazito sana kwenye prosesa hizo, avx2 inaipita. Usibahatishe, fungua CPU-Z au andika lscpu kwenye Linux uone prosesa yako ina nini.

Sasa Hash, hapa naomba mnisikilize maana ndipo laptop zinapoteseka. Hash ni ramu ambayo injini inatunzia pozisheni ilizokwisha kuzipiga mahesabu. Kwa kawaida inakuja na MB 16 tu, ambayo kwa uchambuzi mrefu ni ndogo kweli, ila mtu mwenye ramu ya GB 4 anaweka 3072 akidhani itacheza kama bingwa. Windows yenyewe inakula karibu nusu, kivinjari nacho kiko wazi, ramu inaisha, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na ukiangalia taa ya diski inawaka bila kupumzika huku kasi imeporomoka vibaya. Mimi kwenye GB 4 naweka 512, kwenye GB 8 naweka 2048, basi. Na kama unataka ushahidi usikisie, kwenye mistari ya info ambayo injini inaitoa ikichambua tafuta hashfull, inahesabu kwa elfu, ikigonga 1000 mapema sana ndiyo umeijaza, hapo kuongeza kuna maana.

Threads, yaani idadi ya kazi ambazo injini inaziendesha kwa pamoja, nayo usizidishe. Prosesa ya viini 2 yenye thredi 4 ipe 3, moja iachie ubao na mfumo mwingine, ukiandika 8 thredi zinagombania nafasi ileile. Na kama unapambanisha injini mbili kwenye mashine moja zima Ponder, yaani kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani, la sivyo zote zinafikiri kwa wakati mmoja na matokeo ya mechi hayana maana. Injini ikipoteza kwa saa wakati pozisheni ni nzuri, pandisha Move Overhead, muda wa akiba inaouacha kwa kila hatua, inakuja na milisekunde 10 tu, weka 100 au 200.

Kasi ikianza vizuri halafu ikashuka, kagua joto. Kwenye lile dirisha jeusi andika go movetime 300000, ni dakika tano hizo, kaa uangalie nps, ndiyo ile Nodes/second, yaani pozisheni inazokagua kwa sekunde, uilinganishe na namba uliyoandika pembeni. Ya kwangu ilikuwa inaanza karibu milioni moja, dakika ya tatu imeshuka hadi laki nne na haipandi tena, feni inalia kama pampu. Nilifungua nikakuta vumbi limeshikana kama blanketi, nikasafisha na kupaka prosesa pesti mpya ya kupitisha joto, ikatulia. Chomeka chaja pia, laptop nyingi zinapunguza kasi zikiwa kwenye betri.

Faili za Syzygy, zenye majibu kamili ya mwisho wa mchezo kete zikibaki chache, za kete 3 hadi 5 ni kama GB 1 hivi, za kete 6 zinakaribia GB 150, ziweke SSD. Bando likikatika katikati ya kupakua faili linabaki nusu, injini inasema Corrupt tablebase file na kujifunga. Lifute hilo moja upakue upya.

Ukishafanya yote na bado inakrashi, leo dakika ya pili, kesho ya ishirini, pima ramu yenyewe. Kwenye Windows andika mdsched. Kuna dogo aliniletea laptop akiwa ameshaifuta Stockfish mara sita, kumbe kijiti kimoja cha ramu kilikuwa kibovu, tulikichomoa na usiku ule ikachambua hadi asubuhi.