Kufuatilia Samaki Wanaohama Mtoni Penye Bwawa
Anza kuhesabu kabla samaki hawajaanza kupanda mto, uendelee hadi msimu uishe, kwani hesabu ya siku chache haioneshi mwelekeo wowote. Njia ninayoiamini zaidi ni kitambulisho cha kielektroniki cha milimita 12, kisicho na betri, ambacho huingizwa tumboni mwa samaki aliyetiwa ganzi na kusomwa na antena kila anapopita. Weka antena moja kwenye mlango wa ngazi ya samaki, yaani njia ya maji yenye vidaraja inayowawezesha samaki kupanda na kulivuka bwawa, na nyingine juu inakoishia: anayesomwa chini asisomwe juu ndiye anayefichua athari za bwawa, ilhali kuhesabu waliofaulu pekee hupotosha. Wachanga wanaoteremka, ambao baadhi yao hupitia kwenye mitambo ya umeme, watege mtoni upande wa chini wa ukuta wa bwawa, uwakague kama wamebanduka magamba au wamevimba macho.